Kucha Zenye Piko

Mjukuu wangu Rehema,

Huku Mkonze tunaendelea vizuri, na zabibu za babu yako zimeanza kuiva. Umeniuliza kama namba ya oksijeni inaweza kutabiri nani atatoka hai chumba cha wagonjwa mahututi. Wewe ndiye unayesomea udaktari. Mimi nina la Hadija tu.

Mdogo wangu huyo aliingizwa humo katoka harusini, kucha zikiwa nyeusi kwa piko. Kibano cha kidoleni cha kupimia oksijeni kikasoma chini mno, tukaambiwa tujiandae. Tukaacha kumsemesha, tukawa tunapanga mazishi yake huko Kondoa palepale kando ya kitanda chake. Muuguzi alipokihamishia sikioni, namba ikapanda. Kumbe piko ilidanganya mashine.

Alipona. Alipoweza kusema, aliniuliza: "Dada, mbona mlinizika nikiwasikia?"



Bibi yako