Kioo Nilikifuta Mwenyewe

Nyumba za Watumishi, Chumba cha Tatu,
Kituo cha Kutazamia Nyota.
Tarehe 19 Agosti.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Kabla hatujagombana nataka kujua goti lako linaendeleaje, na kama ile dawa ya kuchua unaipaka au umeshaificha nyuma ya redio mbovu kama ulivyoificha ya kwanza. Mama wa hapo nyumbani je, macho yanamruhusu kusoma? Mimi ni mzima. Mafua yalinibana wiki mbili, maana huku juu kuna baridi ya kupasua midomo, lakini sasa napumua vizuri na chakula kinapita.

Barua yako ilinifika Jumanne. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama. Unaniomba nisaini karatasi ya mkuu wa kituo, niombe radhi, mambo yaishe kifamilia. Nimekuelewa. Jibu langu ni hapana, na naomba usome hadi mwisho, kwa sababu naona umesimuliwa nusu.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, basi nianzie hapo. Juu ya paa la kituo kuna kamera inayotazama juu. Haifuati nyota moja moja kama darubini. Inapiga picha ya anga zima, upeo hadi upeo, kila dakika, usiku kucha, ili tujue mawingu yako wapi. Picha ikishapigwa, mgeni mwenye neno la siri anaiona papo hapo akiwa nyumbani kwake, hata awe ng'ambo. Kamera imefunikwa kwa kioo cha mviringo, ukubwa wa bakuli la kunawia. Kila siku saa kumi jioni napanda ngazi, nakifuta kioo kile kwa kitambaa laini, nashuka, naandika daftarini. Miaka sita sijaruka siku, hata wiki zile mbili za mafua.

Mwanao, huyu Bwana Mipango wetu, anaendesha darubini zamu ya usiku. Kazi yake ni kufungua kuba, lile paa la mviringo linaloifunika darubini, anga likiwa safi na kulifunga mawingu yakija, na kila saa kuandika kwenye kitabu cha zamu anga limefunikwa kiasi gani. Tunaligawa mafungu manane. Sufuri ni safi kabisa. Nane juu ya nane ni kwamba limezibwa lote na hakuna kazi.

Mwezi uliopita kituo kilimpa usiku tisa mtafiti mmoja, mama mwalimu wa chuo. Nyota anayoifuatilia hufifia kwa siku chache tu kila baada ya miaka kumi na moja, kisha hurudi kama kawaida. Alikuwa ameisubiri tangu mara ile iliyopita. Usiku wa kwanza mwanao alimpigia simu kumwambia kuna mawingu, kuba halifunguliwi. Wa pili hivyohivyo, na kuendelea hadi wa tisa. Kitabu kimejaa nane juu ya nane kila saa, mwandiko umetulia kama wa mtu aliyeandika ukurasa mzima kwa mkao mmoja.

Yule mama alikuwa na neno la siri, nilimpa mwenyewe kama tunavyowapa wageni wote. Akawa anaambiwa mawingu huku kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni anaona nyota tupu. Alivumilia mpaka siku zake zilipokwisha, ndipo akaniandikia, kwa adabu kabisa, kuniuliza kama picha zangu zilikuwa zimekwama. Aliishuku kamera kabla ya kumshuku mtu. Hilo liliniuma kuliko yote yaliyofuata.

Nilizitoa picha zote nikazipitia mchana kutwa. Usiku wa sita mawingu yalikuwepo kweli, hapo simsingizii. Siku nyingine zote nane anga lilikuwa safi toka giza lilipoingia hadi alfajiri, na mwanao alikuwa amelala. Mchana anatengeneza majokofu mjini, kwenye karakana yake mpya ambayo nadhani hajakuambia, na usiku anakuja kazini kupumzika. Alikuwa akizima skrini ya chumba cha zamu akidhani kamera nayo imezimika. Miaka mitatu kazini, na hajui kwamba skrini na kamera ni vitu viwili. Nakiri hapo nilicheka, nikacheka peke yangu hadi mfagizi akaja kuchungulia.

Mkuu wa kituo, rafiki yako, aliniita ofisini akanisogezea karatasi iliyokwisha kuchapwa. Imesema kioo cha kamera hakikufutwa siku zile tisa, kwa hiyo picha haziaminiki, na kuanzia sasa wageni wafungiwe ukurasa. Chini kuna jina langu na mstari wa saini.

"Ni saini tu, dada," aliniambia. "Onyo litakaa kwenye faili, mwakani nani atalikumbuka?"

"Na kioo?"

"Kioo gani?"

"Hicho unachosema sikukifuta."

Akaangalia saa yake. Karatasi yenyewe ni ya kijinga, na ujinga hunikera kuliko uongo. Uchafu kwenye kioo huficha nyota, haujawahi kuziweka mahali ambapo hazipo. Nilimweleza hivyo, mtu mwenye shahada mbili, akaniambia nisifanye mambo yawe magumu.

Jioni ile mwanao alikuja chumbani kwangu, akageuza ndoo akakaa juu yake, mikono inanuka grisi.

"Piga hesabu, dada. Wewe unapewa onyo, mimi unga unamwagika. Kipi kizito?"

Nikamwambia, "Kaseme mwenyewe kwamba ulilala. Ukitangulia wewe, nitasimama nikutetee."

"Kwani hiyo nyota inahama? Si ipo kesho na keshokutwa?"

Nikamweleza kwamba itakapofifia tena yule mama atakuwa na miaka sabini na mbili. Hapo aliacha kupiga hesabu, kwa hilo nampa haki yake. Nilimpa muda hadi Ijumaa. Ijumaa alikwenda mjini kutengeneza jokofu la mtu.

Kwa hiyo Jumamosi niliandika taarifa yangu, mistari minne tu. Kioo nilikifuta mwenyewe kila siku saa kumi. Picha ni sahihi. Anga lilikuwa safi siku zote isipokuwa usiku wa sita. Wageni waendelee kuona. Nikaipeleka kwa mkuu, na nakala pamoja na picha zote nikaituma kwa kamati inayosimamia kituo. Mkuu akaniambia nikabidhi ufunguo wa ngazi ya paa. Nikamjibu auombe kwa maandishi na aandike sababu. Hadi leo hajaandika, na mimi hadi leo napanda saa kumi. Neno la siri aliloniamuru nibadilishe sijalibadilisha, na yule mama akitaka kuliona anga letu usiku huu ataliona.

Kamati inakaa mwisho wa mwezi. Huenda nikafukuzwa mimi badala yake, maana mkuu ana watu wake mle ndani. Haya, na wanifukuze. Itabidi waandike mahali kwamba wamemfukuza mtu kwa kukataa kusema kioo kilikuwa kichafu.

Usidhani nimesahau nani alinilea. Mama yangu mzazi alipofariki ulinichukua, hukunibagua na wanao, ukanikalisha kwenye benchi lako la redio ukanishikisha bisibisi. Redio ya mteja hukuirudisha mpaka uisikie ikiongea kwa masikio yako. Leo wewe huyohuyo unanitaka niseme mawingu yalikuwepo, wakati nimeona nyota. Nina hasira na wewe, Mjomba. Nakuambia wazi kwa sababu nakupenda na sitaki ubaki ukikisia. Na yeye nampenda, yule mvivu. Au tuseme si mvivu, ana kazi mbili, na angechagua moja nisingekuwa naandika haya.

Nisalimie Mama, umwambie nitamwandikia yake peke yake, kwa herufi kubwa. Nisalimie kaka mkubwa na pacha wake. Shangazi akipita hapo, mwambie blanketi alilonitumia ndilo linaloniokoa huku. Mungu akulinde, akupunguzie maumivu ya goti, na akuongezee miaka ya kutosha kukasirika nami na kunisamehe.

Ndani ya bahasha nimeweka picha moja. Ni ya usiku wa nne, saa nane na dakika kumi na saba, na saa hiyo mwanao ameandika nane juu ya nane. Iweke mezani chini ya taa, vaa miwani yako, itazame polepole. Ule utepe mweupe unaokatiza katikati usikudanganye, ule si wingu, ni nyota zilizosongamana. Ukiona wingu hata moja, hata la kuzibwa kwa ukucha, niandikie nami nitasaini karatasi yao siku hiyohiyo. Usipoliona, basi barua yako inayofuata usiniandikie mimi. Mwandikie mwanao.

Mpwa wako akupendaye, ambaye hajasaini.