Shemeji Amenipa Matairi ya Trela, Nami Naona Muhali Kuyakataa

Bi Sadia, asalaam aleikum. Sijawahi kuandikia gazeti lolote, na hata sasa ninapoandika nimeshainuka kitini mara nyingi kwenda uani kuyatazama matairi, nayabonyeza kwa kidole gumba kama mtu anayechagua papai sokoni, narudi, nakaa, nainuka tena, mpaka mume wangu ameuliza kama nina homa. Homa sina. Nina safari Jumamosi na sijui niifanye vipi.

Mimi ni mtaalamu wa macho hapa Garissa, naomba uniite Ilhan. Kazi yangu naifanya ndani ya trela. Zamani ilikuwa trela ya kulala ya watu wa kupima ardhi, ina kitanda, sinki, tangi la maji na madirisha yenye mapazia, sisi tukaiwekea kabati za miwani na ubao wa herufi, ikawa mchana napima macho humo na jioni ndimo ninamolala. Inavutwa na pikapu, na dereva wangu ni Huka, Mborana wa Wajir, mtu asiye na maneno mengi. Tunaanzia Balambala, tunapanda Wajir, tunafika hadi Eldas. Nimewapa miwani wazee waliokuwa hawamtambui ngamia wao mpaka wamguse chapa, na watoto walioitwa wajinga kumbe ubao wa darasani hawauoni. Nasema haya ili ujue kwamba kuisimamisha trela hii si jambo dogo.

Safari iliyopita tulikuwa tunatoka Balambala na barabara ile ya mawimbi, tairi la kushoto la trela likapasuka. Nilisikia kama mlio wa bunduki, halafu trela ikaanza kuyumba huku na huku, ikatuvuta mkia kuelekea mtaroni, na mimi nikapiga shahada kwa sauti. Huka hakukanyaga breki, alishika usukani tu na kuiacha gari ipungue mbio yenyewe mpaka tukasimama. Ndani kabati zilikuwa zimefunguka na miwani imemwagika sakafuni, tukawa tunakanyaga vioo. Huka alishuka, akazunguka, akaligusa tairi lililobaki.

"Madam," akaniambia, "hii ni ndugu ya ile iliyokufa. Itamfuata."

Basi tukafunga spea, tukaja mjini kutafuta matairi mapya, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Kaka mkubwa wa mume wangu, Abdiwali, ana duka la matairi. Aliposikia habari alikuja mwenyewe nyumbani na matairi mawili meusi yanayong'aa, yana meno marefu kabisa, akapiga jeki na kuyafunga kwa mikono yake, hakutaka hata chai. "Trela ya macho ni ya familia," akasema. "Nitauzia familia? Hii ni sadaka yangu." Siku iliyofuata kulikuwa na nikaha kwa jamaa zetu, akalitaja mbele ya wanaume, sheikh akamwombea dua, wote wakaitikia amina. Nami nilikuwa upande wa wanawake nikaitikia kwa moyo mmoja, wallahi, nilifurahi.

Asubuhi yake nilikuwa uani nasafisha lenzi, nikapita karibu na gurudumu nikiwa na ile lenzi ya mkono ninayotazamia vidonda vya jicho, na sijui ni nini kilichonituma niinamie ubavu wa tairi. Nikaona nyufa. Nyembamba, nyingi, kama udongo wa bwawa lililokauka, chini ya ile dawa ya kung'arisha. Nikatafuta tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa, maana baada ya ajali nilikuwa nimejifunza kuzisoma, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, na mwaka wenyewe ni kabla mimi na mume wangu Najib hatujaoana, na leo kifungua mimba wetu yuko darasa la sita! Tena ni matairi ya gari dogo. Uzito ulioandikwa kwamba yanaweza kuubeba ni chini ya uzito wa trela yangu ikiwa na maji na vyombo.

Nikamwambia Najib. Alikuwa anajiandaa kwenda ofisini.

"Tairi lina meno au halina?" akaniuliza.

"Lina."

"Basi ni tairi. Ilhan, unataka mimi nimwambie Abdiwali kwamba sadaka yake ni takataka? Baba alipokufa yeye ndiye aliyeacha shule ili mimi nisome. Hili shati la ofisi unaloniona nalo ni lake."

Na hilo ni kweli. Abdiwali alimlea mume wangu, na hata mahari yangu aliisimamia yeye. Ni mtu wa hasira za karibu lakini hajawahi kutunyima kitu.

Rafiki yangu Nasteha ananishauri ninunue mengine kimya kimya, haya niyafiche stoo, na nikirudi nimwambie shemeji kwamba yalipasuka njiani. Najib anasema nitumie haya haya, tuende polepole. Huka ananiuliza kila asubuhi, "Madam, safari iko ama haiko?" na watu wa Eldas wameshatangaziwa msikitini, kuna bibi mmoja anaongozwa kwa mkono na mjukuu wake kutoka mbali ili anikute. Na safari hii hata mama mkwe, Hooyo Timiro, tunaye, mgongo wake haumruhusu kukaa muda mrefu, kwa hiyo tumemtandikia kile kitanda cha trela ajinyooshe mpaka Eldas akamwone kaka yake.

Nifanye nini, Bi Sadia? Nimwaibishe aliyemlea mume wangu, nimdanganye, au niweke matumaini kwa Mungu niende hivyo hivyo? Nijibu upesi, nakuomba.

Ilhan, Garissa

*

Bi Sadia anajibu:

Ilhan, umeniuliza habari za shemeji, mimi naanza na mama mkwe. Mshushe! Nilipofika pale kwenye barua yako niliweka kikombe chini. Mtu mzima, mgonjwa wa mgongo, umemtandikia ndani ya kitu kinachovutwa kwa kulabu, juu ya matairi unayoyachungulia kwa lenzi kwa hofu? Wewe mwenyewe umekanyaga vioo sakafuni mle. Trela si ya kubeba abiria, hata matairi yake yakiwa yametoka kiwandani juzi. Ikiyumba, aliyemo ndani hana mkanda wala hana wa kusikia akipiga kelele.

Kwa kuwa ukurasa huu hutoka Jumatatu na safari yako ilikuwa Jumamosi, sikungoja zamu. Nilikupigia simu. Umeniruhusu niwaeleze wasomaji tuliyozungumza na yaliyotokea, na majina nimeyabadilisha yote.

Nilikwambia kwamba macho yako hayakukudanganya. Mumeo anahesabu meno, lakini tairi la trela huwa halifi kwa kuisha meno. Trela husimama uani miezi mizima, jua la Garissa linaipika, mpira unakauka na kupasuka ndani kwa ndani huku meno yakibaki marefu kama siku ya kwanza. Kwenda polepole kungekuchelewesha tu kufika mtaroni. Nunua tairi lililoandikwa kuwa ni la trela, au likikosekana, lile gumu la magari ya mizigo linaloingia kwenye rimu zako. Kabla ya kuchagua, ipeleke trela kwenye mizani ikiwa na maji, gesi, kabati na kila kitu, ujue uzito wake wa kweli, kisha uchukue matairi yanayobeba zaidi ya huo, usichukue yanayolingana nao kwa shida. Yawe mawili ya namna moja na saizi moja, ya tarehe ya karibuni, na valvu mpya. Upepo ujazwe asubuhi tairi likiwa baridi. Ukienda kipande cha kwanza cha safari, simama ukaze nati tena.

Hayo ni ya mpira. Sasa ya moyo. Wewe, binti yangu, umeshikwa na muhali, na muhali umezika watu wengi kuliko barabara mbovu. Heshima kwa aliyemlea mumeo ni wajibu. Lakini umheshimu vipi kwa kumwacha apeleke watu kaburini kwa sadaka yake mwenyewe? Angeamka siku moja aambiwe matairi aliyoyafunga kwa mikono yake ndiyo yaliyomwua mama yake. Huo ndio wema uliokuwa unataka kumfanyia?

Na ushauri wa Nasteha uutupe. Ungemdanganya Abdiwali kwamba yalipasuka, angeendelea kuuza mengine ya shehena ileile kwa baba wa watu mwenye watoto garini. Umewaza hilo? Hukuwaza, ulikuwa unawaza chai ya Idi itanyweka vipi.

Nikakwambia uende dukani kwake wewe mwenyewe, mchana, wateja wakiwa wametoka, usimtume mtu na usimwambie mtu wa nje kwanza. Ulikwenda. Najib alikataa kukusindikiza. Ulinisimulia kwamba ulisimama mbele ya meza yake ukamwambia, "Shemeji, sadaka yako Mungu ameipokea. Lakini haya matairi ni ya zamani na yana nyufa, na siwezi kusafiri nayo." Ukamwekea lenzi mezani.

Hakuigusa. "Wewe daktari wa macho utanifundisha mimi tairi?"

"Sikufundishi, shemeji. Nakuonyesha nilichokiona."

"Mwenye mzigo wa Nairobi aliniambia ni mapya."

"Tazama mwenyewe."

"Umeshasema. Nenda nyumbani."

Ulilia njiani, na sikulaumu. Ulinunua matairi duka jingine, Huka akayafunga, na nyumbani mumeo akawa anakula bila kusema na wewe. Jumamosi asubuhi Hooyo Timiro alitoka na fimbo yake, ukampakia kiti cha mbele na mito nyuma ya mgongo, na kabla hajaketi vizuri akauliza mbona matairi ya mwanawe hayapo. Ulitamani ardhi ipasuke. Ulimwambia ukweli wote. Nawe umenipa maneno yake kama alivyoyasema:

"Abdiwali atakasirika. Hasira zake nazijua tangu nikimbeba mgongoni. Huka, washa gari."

Mlisimama kila alipochoka, akajinyoosha kwenye mkeka kivulini, mkaendelea. Mlifika Eldas jioni mkiwa mmejaa vumbi na mmechelewa. Yule bibi alikuwa bado anakungoja na mjukuu wake, naye uliniambia jicho lake moja haliwezi kusaidiwa kwa miwani, anahitaji hospitali, na jingine umelipatia lenzi. Alimtazama mjukuu wake, akamwambia hajui kuchana nywele. Hapo nilicheka kwenye simu, nawe ukacheka, mara ya kwanza tangu nikujue.

Kisha ukaniambia aliyokueleza Najib kwa simu. Siku mliyoondoka Abdiwali alifunga duka. Alipanga uani matairi yote ya mzigo ule, akakaa chini juani na miwani ya kusomea puani, akasoma tarehe za ubavuni moja baada ya jingine. Alipomaliza akaingia ndani, akatoka na kisu kikubwa, akaanza kuyachana mbavu, ili hata wale wanaookota matairi chakavu wasije kuyapiga rangi na kuyauza tena. Mumeo alimkuta katikati ya kazi hiyo, akasimama akimtazama kaka yake anavyotokwa na jasho, halafu akavua lile shati la ofisi, akalitundika mlangoni, akaomba kisu cha pili.

Sasa unaniuliza kama umdai Abdiwali akuombe radhi, kwa sababu mpaka leo hajakupigia. Usimdai. Mtu aliyeichana mali yake kwa mkono wake ameshasema, hata kama si kwa mdomo, na ukimlazimisha aseme tena utakuwa unatafuta ushindi, wala si usalama. Najib naye mwache aje mwenyewe. Akija, usimkumbushe meno ya tairi.

Ila kazi haijaisha. Uliniambia matairi mliyofunga ni ya saizi tofauti na yale ya zamani, maana yake spea mliyo nayo nyuma ya trela haifai kitu, na mmekwenda mpaka Eldas bila spea, na mtarudi hivyo hivyo. Nimeudhika kulisikia, na Huka mwambie nimeudhika naye pia.

Ukifika Garissa, kabla hujafua hata nguo za safari, nenda dukani kwa Abdiwali. Msalimie kama ulivyokuwa ukimsalimia siku zote. Mwambie unataka spea ya trela, mpe saizi na uzito, na mwachie yeye achague. Akikuletea, inama usome ubavu wake mbele yake, bila aibu, na yeye asome. Kisha mlipe. Akikataa kupokea, usiondoke mpaka apokee.