Mama Mkwe Ameipaka Breki Mafuta ya Maombi

Dada mshauri, nakusalimu kwa jina la Mungu aliyeniamsha salama, nishike mkono mwenzio maana nimekwama kati ya winchi na mama mkwe na vyote viwili vinaning'inia juu ya kichwa changu.

Mimi ni fundi kwenye kinu cha unga, winchi yetu ya umeme hupandisha magunia ghorofani na ina breki yake, umeme ukikatika springi zinabana sahani na gunia linatulia hewani kama mtoto mgongoni, sasa breki ikaanza kulia kila inapokamata, nikafungua kifuniko niitazame, mara mama mkwe huyo na chakula changu, akasikia ule mlio akasema, "Baba, hicho si chuma kinacholia, na mlango wenu wa stoo nao unalia, humu mna pepo!", nikaenda kunawa mikono nile, kurudi nakuta ameshamimina kichupa kizima cha mafuta ya maombi kwenye sahani ya breki, na kweli, dada, ikanyamaza kimya, watu wote wakasema amina na mimi nikapaza sauti kuliko wote.

Tangu hapo gunia likisimamishwa juu linateremka lenyewe polepole kama limesahau kitu chini, jana limekalia kiti cha meneja, yeye ndiyo kwanza ameinuka kufuata chai, na mama mkwe alipopata habari akasema pepo limetoka kwenye breki limeingia kwenye gunia, Ijumaa anakuja na dumu zima na kina mama wenzake wa maombi, mke wangu naye anasema, "Mkatalie mama yangu, halafu hiyo winchi ndiyo ikupikie!", nikimzuia nitaonekana nimemkataa Mungu na nikinyamaza mtu atapondwa, nifanyeje?

Fundi Roho Juu

Fundi, pole. Nimecheka hadi chai ikanipalia, kisha nikakikumbuka kile kiti, nikaacha. Unajua fika kwamba breki inakamata kwa ukavu, na bado umeitikia amina? Ulimi wako nao ulipakwa mafuta?

Weka gazeti chini. Teremsha mzigo, kata umeme, tia swichi kufuli na ufunguo ukae mfukoni mwako. Usijidanganye kuipangusa kwa kitambaa: lainingi inayosuguana na sahani ikishakunywa mafuta haitapiki, weka mpya. Sahani yenyewe isafishe iwe kavu kabisa. Upime na mwanya kati ya sahani na sumaku inayoiachia breki umeme ukiwaka, uwe kama kitabu cha mashine kinavyotaka. Huenda lainingi ilikuwa imelika, ndiyo maana ikalia. Kisha jaribu kwa gunia moja, karibu na sakafu, watu wakae mbali. Likiteleza hata kidogo, hakuna kupandisha.

Sasa mama. Usithubutu kumwambia mafuta yake hayana nguvu, gunia limeshuhudia. Mwambie, "Mama, breki iko kwenye mfungo. Ukiilisha mafuta, umeivunjia mfungo." Mtu wa maombi ataelewa hilo kabla hujamaliza.

Ijumaa mpokee kwa heshima, yeye na dumu lake na kina mama wote, uwapeleke moja kwa moja kwenye mlango wa stoo. Bawaba ndizo zenye njaa ya mafuta. Mlango ukinyamaza, itikia amina kwa sauti yako yote. Safari hii itakuwa ya haki.