Maziwa Ambayo Hukuyanywa

Shikamoo Mama,

Nina hasira, na wa kumwambia ni wewe tu. Shangazi amekuota. Anasema ulimjia umevaa kitenge chako cha kijani, umeshika glasi ya maziwa, ukamwambia, "Mtazameni aliyeninywesha." Aliyasema hayo ukumbini, mbele ya wanawake wote wa kanisa, huku analia, na unajua kwetu ndoto ya marehemu haibishiwi. Wote wakageuka kumtazama Mama Furaha, yule Mkongo aliyekuogesha na kukulisha kwa miaka miwili.

Maziwa, Mama! Wewe ambaye ukiyaona tu tumbo linachafuka. Chai yako ilikuwa ya rangi mpaka siku ya mwisho. Na daktari alitueleza sote, Shangazi akiwemo, kwamba kilichokuua ni moyo.

Nilijua palepale ndoto ile imetoka wapi. Imetoka kwenye televisheni yetu hapa Germantown. Ni ile tamthilia ya Ijumaa jioni, ya mama anayeongea na wafu kisha anawatajia polisi wauaji. Ulikuwa unaicheka. "Maiti wa Marekani wana maneno," ulisema, "wetu wakifa wanapumzika." Sehemu ya mwisho tuliyoitazama sote watatu, bibi mmoja marehemu alimtokea yule mama akiwa na glasi ya maziwa, na polisi wakamkamata muuguzi wake. Shangazi aliiona nusu, kama kawaida yake. Matangazo ya kwanza hayajaisha, yeye anakoroma. Siku zote asubuhi wewe ndiye uliyekuwa unamhadithia mwisho, ukimkaangia mayai.

Ile hukumhadithia. Asubuhi yake tulikuwa hospitali.

Sasa Mama Furaha amekatazwa kuja kwenye arobaini yako. Familia ya kule Oxon Hill iliyokuwa imchukue amtunze babu yao imesikia maneno, imeghairi. Alinipigia simu akasema tu, "Sikumufanyia mubaya hata kidogo," kisha akakata simu. Na mimi, mwanao, siku ile ukumbini niliinamisha kichwa. Niliogopa kuitwa mtovu wa adabu. Hilo linaniuma kuliko ndoto yenyewe.

Halafu nikuulize, kama kweli unatoka huko kuja kwa watu, mbona kwangu huji? Najifunika kanga yako kila siku, sioti kitu.

Basi pumzika, Mama, usisumbuke kuja. Jumamosi ya arobaini nitakwenda kumchukua Mama Furaha kwa gari langu, na nitamketisha kando yangu, mstari wa mbele. Shangazi akianza, nitampa shikamoo yake kwa heshima zote. Kisha nitamhadithia mwisho, watu wote wakisikia: yule bibi alikufa kifo chake, muuguzi akaachiwa, na glasi ile alikuja nayo kumshukuru aliyemtunza.

Kwaheri, Mama yangu.

Mwanao,
Neema