Upepo Niliomletea Kabtin Nagwa

Maskati, Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa kibarazani, mguu umeuweka juu ya kigoda kama daktari alivyosema, si umeuburuza mpaka sokoni kama ninavyokujua. Mimi mzima wa mwili. Joto limeshaanza, ukitoka nje saa nne asubuhi ni kama mtu amekufungulia tanuri la mikate usoni. Hilo nimelizoea.

Najua utashangaa kuletewa karatasi wakati simu ninayo. Nimempa Rehema, mwenzangu wa chumbani anayekuja likizo, kwa sababu kwenye simu kila nikianza jambo la huzuni wewe unaniuliza kama nimekula. Nimekula, mama. Sasa nisikilize mpaka mwisho. Na wewe Mwanaisha unayemsomea bibi yako, usiruke pale ninapojisema vibaya. Barua yenyewe ni hapo.

Kuna mtu nimemkosea, na nimemkosea kwa kumpenda.

Unaujua ukumbi ninaofanyia kazi, ule wa michezo ya wanawake. Nafagia, napiga deki, nafungua milango, na zaidi ya yote nauguza viyoyozi. Mwenye ukumbi ni Bibi Salha, Mwarabu wa hapa ambaye wazee wake walirudi kutoka Unguja na Kiswahili chao hawakukiacha bandarini. Mchezo unaopendwa pale ni badminton. Watu wawili wanasimama pande mbili za wavu, kila mmoja na raketi nyembamba kama chujio la chai, wanapigiana kinyoya. Kweli ni kinyoya, mama: manyoya ya bata yamechomekwa kwenye kizibo. Ni chepesi kiasi kwamba mtu akipiga chafya kinahama njia. Ndiyo maana mechi ya maana ikianza, viyoyozi huzimwa.

Anayefundisha mchezo huo ni Mmisri, Kabtin Nagwa. Wamisri mtu yeyote aliyewahi kuvaa jezi humwita kabtin, yaani nahodha, hata kama hana wa kumwongoza. Miaka minne tumekaa benchi moja tukinywa chai wasichana wakibadili nguo. Mimi nilifika na Kiarabu cha chuoni kwa maalimu wetu. Naweza kukueleza habari za Kiyama lakini nyanya nilishindwa kununua. Yeye alinisahihisha neno moja moja, mpaka sasa wenyeji wananiuliza Kairo nilikaa mtaa gani.

Maisha yake nimeyapata vipande vipande kwenye benchi lile. Baba yake alikuwa dereva wa treni. Nyumba yao ilikuwa na paa la sakafu, wazi juu, na yule mzee alipoona bintiye anapenda kinyoya, alifunga kamba pande zote nne akatundika mablanketi, upepo usiingie. Alitaka mtoto ajue mkono wake mwenyewe unafanya nini. Majirani wakadhani familia ile haimalizi kufua. Humo ndani ya mablanketi Nagwa akawa mchezaji. Akiwa na miaka ishirini alivaa jezi ya taifa, akapelekwa nchi za Afrika kushindana. Safari moja wasichana walifika uwanja wa ndege wakakuta tiketi zimekuja za wanaume tu; wakarudi nyumbani, mama zao wakafua nguo ambazo hazijavaliwa. Safari nyingine alirudi na medali ya shaba, na gazeti likamweka chini ya tangazo la majokofu. Kipande hicho anacho bado. Tangazo hakulikata, anasema lile jokofu ndilo shahidi wake.

Halafu goti likakatika kitu ndani, likapasuliwa, na mtu asiye na goti hana taifa la kumwita. Akaja huku kufundisha watoto wa watu.

Lakini kuna jambo moja lilimkaa. Baba yake hakuwahi kumwona akicheza ukumbini hata siku moja. Kila mechi ilikuta mzee yuko kwenye reli. Sasa amestaafu, muda anao, lakini macho yanazima. Madaktari wamesema kilichobaki ni cha miezi.

Basi mwaka huu ukaja mwaliko: vilabu vya wanawake vikutane Kairo. Klabu yetu ipeleke mchezaji mmoja wa mmoja-kwa-mmoja. Kabtin Nagwa akaandika jina lake. Wasichana wakacheka kwa adabu, kisha wakaona hacheki. Aliyebaki kushindana naye ni Thuraya, msichana wa miaka kumi na tisa anayetoka Amerat, mji wa jirani, ambaye Nagwa mwenyewe alimfundisha kushika raketi angali meno ya mbele hana. Ikakubaliwa wacheze, mshindi aende.

Siku moja kabla, alinionyesha picha ya baba yake kwenye simu, mzee mwembamba, miwani mizito. Akaniambia kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja aina ya samaki:

"Saumu, nataka anione mara moja tu kabla macho hayajazima."

Mama, unanijua. Nikisikia neno kama hilo mikono yangu haitulii.

Siku ya mechi ukumbi ulijaa. Walikuja mama na bibi za wasichana na makanzu yao na birika za kahawa. Viyoyozi vilitakiwa kuzimwa, lakini Bibi Salha akawatazama wale wazee akasema, "Nna watu wazima hapa, watanifia. Viache vyote viwili vipulize kidogo, sawasawa." Maana kipo kimoja upande wa mlima na kimoja upande wa mlango, vikipuliza sawa upepo unakufa katikati. Mimi nikaingia kwenye chumba changu cha swichi, nacho kina kidirisha cha kutazamia.

Ninachokijua mimi, ambaye hakuna aliyenifundisha, ni hiki. Kabtin Nagwa hana nguvu za kupiga mbali, goti halimpi pa kukanyagia. Ana mkono laini tu. Akipata upepo mgongoni, kinyoya chake kinaelea mpaka mstari wa nyuma, wakati cha mwenzake kinakuja kuchoka njiani. Nikazima kiyoyozi cha mlango. Cha mlima, kilichokuwa mgongoni pake, nikakiacha. Nilijiambia sitendi dhambi. Kuwasha na kuzima ndiyo kazi niliyoajiriwa.

Akashinda seti ya kwanza. Alicheza vizuri, mama, hata bila mimi alicheza vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Wakabadilishana pande. Na mimi huku ndani nikabadilisha swichi. Upepo ukahama pamoja naye.

Seti ya pili alikuwa mbele kwa pointi nne. Thuraya alikuwa karibu kulia, haelewi mikono yake imepatwa na nini. Kabtin akachukua kinyoya aanzishe, hakuanzisha. Akakirusha juu moja kwa moja, akakitazama kikishuka. Kikaangukia mbele yake hatua nzima. Akakiokota, akarusha tena. Kisha akageuka taratibu, akatazama kidirisha changu.

Akamwambia mwamuzi, mwalimu mmoja wa Kihindi, kwamba upepo unamfuata, kwa hiyo seti iliyopita haina haki na hii pia haina. Wazime vyote waanze upya. Thuraya akasema, "Kabtin, tuendelee tu, mimi sijali."

"Mimi najali," akajibu. "Anza."

Vikazimwa vyote. Wakaanza sifuri kwa sifuri. Joto lile hulielewi mpaka ulionje. Wale wazee waliofunguliwa kiyoyozi wasife walijipepea na vifuniko vya sahani. Seti ya kwanza Kabtin akashinda. Ndiyo mama, akashinda bila upepo, kwa mkono wake. Ya pili akapoteza. Ya tatu goti lilianza kumburuta, na alipofika pointi kumi na tisa alisimama tu akitazama kinyoya kikianguka mbele yake, karibu kama mimi nilivyo karibu na meza hii, na hakuweza kukifikia. Thuraya akashinda, akaja kumkumbatia huku analia, ikawa mshindi ndiye anayebembelezwa.

Nimepiga hesabu hii kila siku tangu hapo. Alikuwa amecheza seti moja na nusu za bure. Zile nguvu zilizomwishia mwishoni ni mimi niliyezitumia, kwenye ushindi ambao hakuuhitaji.

Nilimpelekea maji. Alikuwa benchini, barafu gotini. Hakuniinulia sauti.

"Baba alitundika mablanketi manne kuuzuia," akasema. "Wewe umeniletea."

Kisha akanywa maji yangu yote. Angeyamwaga ningepata nafuu.

Bibi Salha, ili watu wasiseme, akaita fundi wa viyoyozi. Fundi akapanda ngazi akakuta ubovu. Fundi aliyeitwa hawezi kushuka bila ubovu. Kila mtu akaridhika. Na mimi nikaridhika siku tatu tu. Nikaenda ofisini kwa Bibi Salha nikamweleza yote, nikiwa nimeshafungasha sanduku. Hakuiweka hata kalamu chini.

"Nnajua," akasema. "Funguo za kile chumba tunazo watu wawili, na mie nlikuwa nimekaa mbele za watu."

Nikamwuliza mbona hakunifukuza. Akasema Kabtin alikwenda kwake jioni ileile, akamwambia nikifukuzwa mimi, mkataba wake nao uchanwe. Bibi Salha akanitazama juu ya miwani, "Enda kapige deki, mwanangu." Nikaenda nikapiga deki mahali palipokuwa safi.

Kabtin amekwenda Kairo na Thuraya, kama mwalimu wake. Mpaka anaondoka alikuwa ananisalimia, ananijibu, ila chai hatukunywa tena benchi moja. Sijui kama atanirudia, na sina uso wa kumwuliza.

Basi mama, nipe radhi zako. Nisalimie kaka na mwambie asikuachie ndoo za maji. Msalimie wifi yangu, na shangazi wa Pongwe anayedai simpigii simu, kweli simpigii. Nisalimie na maalimu wetu, mwambie Kiarabu chake kimenifikisha mbali kuliko alivyotarajia. Mwanaisha, ahsante kwa kusoma. Sasa mletee bibi yako maji.

Ni mimi mwanao, mwenye mikono isiyotulia,
Saumu

Mama, nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Safari ya Rehema imesogezwa mbele kwa siku chache, na leo Thuraya amerudi. Alishindwa mechi ya pili, lakini hakuja kunieleza hilo. Anasema yule mzee aliletwa ukumbini, akakaa safu ya mbele, Kabtin pembeni yake. Macho yamewahi kuzima kuliko walivyosema. Kila kinyoya kikianguka alikuwa anauliza, "Nani kapata?" na bintiye anamjibu. Katikati ya mechi akamgeukia, akamwuliza yeye anacheza lini.

"Nimeshacheza, baba. Kule Maskati."

"Ukashinda?"

Thuraya anasema Kabtin alimshika mzee mkono.

"Nilishindwa," akamwambia. "Lakini hapakuwa na upepo."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akageuza uso kuelekea uwanjani, akauliza tena nani kapata.