Ndimu Nne Chini ya Pijo

Jumatatu, 7 Septemba 1987. Kitale.

Gereji hawataligusa gari hili tena! Bolti ya sampu, ile ya kumwagia oili, waliikaza mara ya mwisho kama watu wanaofunga jela. Nimeifungua leo kwa spana na nyundo, na ngozi ya vidole viwili imebaki huko chini. Miaka kumi na minne naliendesha hili Pijo 404, na kila likitoka gereji mimi ndiye narekebisha walichorekebisha. Sasa basi. Nitafanya mwenyewe, kwa sababu gari ni langu — karibu. Mwezi wa pili Bwana Chaman, tajiri wangu, alisema mbele ya mkewe, Mama Savitri: wanafunga duka, wanahamia Uingereza mwezi wa kumi, na gari anabaki nalo Wekoye. Wekoye ni mimi. Hakuna mwingine pale.

Nilipasha injini moto kidogo, nikasukuma karai chini. Oili ikatoka nyeusi kama chai ya matanga. Filta mpya, oili mpya. Nimepima kwa kijiti mara tatu, si kwa shaka. Raha tu.

Jumanne, 8 Septemba.

Viti, zulia, dashibodi. Chini ya kiti cha nyuma: maganda ya karanga, na kitana cha Leela, binti yao. Nilimpeleka shule kwa gari hili tangu darasa la kwanza, akilia kila Jumatatu. Sasa ameolewa Bungoma. Kitana nimempelekea Mama Savitri. Alikitazama, akaingia nacho ndani. Hata asante hakuna.

Jotham, jirani yetu, anakwenda Kabuchai, kijijini kwetu. Nimemtuma amwambie mama: Jumamosi nakuja na gari langu. Nekoye, mke wangu, anasema nimefanya haraka, ati mdomo ungengoja kwanza karatasi ya gari. Nimemwambia hajawahi kunitakia mema. Amerudi kwenye sufuria zake.

Alhamisi, 10 Septemba.

Nimeling'arisha. Simba wa nembo ya mbele nimemsugua kwa mswaki, vioo kwa gazeti, tairi nimezipaka rangi nyeusi ya viatu. Viatu vyangu mwenyewe havijaonja rangi tangu Krismasi.

Saa nane Mama Savitri akatoka na sinia: nazi, unga mwekundu, ndimu nne. Ndimu moja chini ya kila tairi. Akachora alama nyekundu kwenye boneti, midomo ikicheza na maombi yao. Jambo hili nalijua! Nimeliona mara moja tu, siku waliponunua pikapu ya duka. Hufanywa gari likipata mwenyewe mpya. Siku ile Bwana Chaman ndiye alikaa kwenye usukani akazikanyaga ndimu. Leo Mama Savitri amesema nikae mimi. Nimekwenda mbele polepole, nikazisikia zikipasuka, moja baada ya nyingine. Karatasi ya nini tena?

Ijumaa, 11 Septemba.

Gari linakwenda kwa Baldev, mume wa Leela.

Bwana Chaman ameniambia akipanga mikebe kwenye rafu. Nilipeleke kesho Bungoma, saa tisa niwe nimefika. Nikauliza, na ile ahadi? Hakugeuka.

"Wekoye, hii iko gari ya familia. Leela nalia sana."

Kumbe maombi yalikuwa ya Leela. Mimi nilizikanyaga ndimu kwa sababu mimi ni dreva. Basi!

Amenipa koti lake la suti. Mikono inaishia karibu na kiwiko. Naichukia hata ile kazi nzuri niliyofanya. Nimempambia mtu gari langu.

Nekoye nimemwambia. Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Jumamosi, 12 Septemba. Kabuchai.

Ningeweza kupitia Webuye. Nimepitia huku makusudi, nimwambie mama ukweli kwa dakika tano, niondoke. Injini imetulia njia nzima mpaka nikakasirika.

Mama alikuwa barabarani tangu asubuhi na wanawake wa kanisa. Nyimbo. Kuku wawili wamechinjwa. Mchungaji Eliakim ameweka mikono kwenye boneti, juu ya ile alama ya Mama Savitri, akashukuru kwa kirefu. Nilifungua mdomo nikasema Amina. Ndiyo hiyo tu iliyotoka.

Kisha mama akawaambia wote: "Huyu mtoto ameosha gari ya wenyewe miaka kumi na nne. Leo ameosha yake."

Nimeona aibu kuliko mwizi.

Sasa ni saa kumi na moja. Baldev amesimama langoni kwake, najua. Nimejifungia garini, ati natafuta risiti, naandika juu ya usukani. Mama amegonga kioo. Amevaa gauni la kanisa, na kesho ndiyo Jumapili! Nimemfungulia. Amekaa mbele, mkoba magotini, viatu amevivua asichafue zulia. Anataka nimfikishe sokoni Chwele tu, wamwone, turudi.

Nimewasha. Nje ya lango, kushoto ni Chwele, kulia ni Bungoma, kwa Baldev. Watoto wameshafungua lango. Mama anauliza naandika nini na gari linanguruma —