Usiniite Mtakatifu, Dada

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumatatu mchana, tarehe 11.

Mpendwa Dada,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Hujambo? Shemeji hajambo? Wapwa wangu wanaendeleaje na masomo? Na mgongo wako je, bado unakusumbua kila ukitoka zamu? Nakujua wewe: wodi nzima itapata dawa, ya kwako utaisahau. Tafadhali, uwe unakaa chini hata dakika kumi.

Huku sisi wazima. Mama anakula vizuri na kile kikohozi kimemwacha. Juzi alitoka chumbani kwake akamkuta mteja kwenye kiti changu, akamwambia, "Mwanangu, kichwa chako usimpe kinyozi mwenye kipara. Utatoka kama yeye." Waliokuwa kwenye benchi waliangua kicheko, nami nikacheka mpaka nikazima mashine nisije nikamkata mtu sikio. Nakwambia haya mapema ili usishtuke na yatakayofuata. Mama yu salama. Mwenye hali mbaya ni mimi.

Barua yako ilifika kitambo. Ile uliyoandika kwamba huko mbali unalala usingizi kwa sababu Mama yuko mikononi mwa mtakatifu. Niliisoma nimesimama, nikaikunja nikaitia mfuko wa shati. Laiti ningeishia hapo. Lakini sifa ni tamu, Dada. Nikampelekea mchungaji aione. Sikumwomba aisome mbele ya watu, ila nilijua ataisoma.

Jumapili akaisoma, neno kwa neno. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimekaa mbele, kwenye viti vya wazee wa kanisa, nimeinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Na saa ileile, Dada, Mama alikuwa amefungiwa chumbani kwake na ufunguo ninao mimi.

Nikueleze ilivyoanza. Mwaka jana Mama alitoka asubuhi bila viatu akimtafuta marehemu Baba. Tulimkuta njia panda, katikati ya magari, anawauliza madereva kama wamemwona. Sikukuandikia, niliona utaumia bure. Niliogopa sana, nikaweka kitasa cha nje kwenye mlango wake. Mwanzo ilikuwa nusu saa, nikimbie sokoni. Ikawa saa nzima, niwahi mazoezi ya kwaya. Ikawa ibada yote, na kikao cha wazee juu yake, na mazungumzo ya nje ya kanisa ambayo hayana kichwa wala miguu. Kitasa kiliwekwa na hofu, sikatai. Lakini kadiri siku zilivyokwenda nilikuwa nafunga kwa sababu nikishafunga napata raha.

Jumapili hiyo nilichelewa kuliko siku zote. Kila mtu alitaka kunipa mkono. Kufika nyumbani ni saa nane imepita, nikakuta dirisha la chumba cha Mama limevunjwa na vioo vimezagaa chini. Ndani alikuwamo fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta mmoja, yule tunayemwita Kelele kwa kuwa cherehani yake na mdomo wake havijui likizo. Kanisani hakanyagi. Niliwahi kumfanya mfano katika somo la Biblia, jirani asiyemjua Mungu. Jina sikulitaja, lakini nani asingejua?

Mama alikuwa ameanguka kati ya kitanda na ukuta, akashindwa kuinuka. Akaita. Kelele akamsikia, akabisha mlango wa mbele, akazunguka nyuma, akasukuma, wapi. Mwishowe akachukua pasi yake ya chuma akavunja kioo, akapitia dirishani na umri wake ule. Kioo kilimchana mkono, akaufunga kwa kipande cha kitambaa alichokuwa anashonea sare. Nilipofungua kitasa nikaingia, alikuwa ameshamwogesha Mama kwa maji aliyoyapitisha dirishani na kumbadilisha nguo. Shuka zilikuwa kwenye beseni. Mama ameketi kitandani, anakunywa chai iliyotoka kwa Kelele kwa njia hiyohiyo.

Sasa sikia neno la kwanza lililonitoka. Sikuuliza Mama ameumia wapi. Nilisema, "Nani kakuruhusu kuvunja dirisha langu?"

Nilitegemea anipigie kelele, nami nipate pa kujibia. Hakupiga. Alinitazama tu, akasema, "Kioo kitapatikana kingine, mzee wa kanisa. Huyu je, unaye mwingine?" Akachukua pasi yake akatoka kwa mlango.

Nilikaa kwenye kile kiti cha kunyolea, nikajiona kwenye kioo na suti yangu ya ibada. Dada, sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule wa kwenye kioo.

Nilitaka kuishia hapa, maana hata haya yanatosha. Lakini nikiishia hapa nitakuwa nimekudanganya tena. Mwezi wa pili nilikuwa namwogesha, akawa anang'ang'ania sabuni, hataki kuiachia, na mteja ananisubiri. Nilimpiga kofi mkononi. Mkono uleule uliotulisha. Sabuni ikaanguka, akaniangalia kama mtoto asiyejua kakosa nini. Hakulia. Nikamwosha hadi mwisho, nikamvika, nikarudi kwa mteja nikamuuliza anataka kunyoa staili gani. Hilo halijui mtu isipokuwa Mungu, na mchungaji, na sasa wewe.

Kesho yake ile Jumapili ya dirisha, nilikwenda kwa mchungaji anivue uzee wa kanisa. Nilimkuta anapigilia benchi la kanisa lililolegea mguu. Nikamwambia yote nimesimama, sabuni na kitasa na dirisha. Akaweka nyundo chini. Akasema, "Kusoma ile barua ni kosa langu. Niliwatafutia watu mfano wa kuiga, hata sikuja kumwangalia mama yako."

Nikamwambia mimi sina tena tumaini la kuitwa mtakatifu, hapa wala mbinguni. Akanitazama sana. "Wewe ulidhani utakatifu ni cheti," akasema. "Mungu akupe, wewe ukitundike dukani karibu na kioo. Mtakatifu ni mwenye dhambi ambaye Mungu anampenda na hajachoka naye, na yeye mwenyewe ameacha kujificha. Jana ulikuwa umejificha mbele ya kanisa zima. Leo ndipo umeanza."

Nikauliza, "Kwa hiyo niendelee na uzee?"

"Hapana," akasema. "Kwenye uzee kaa pembeni kwanza. Umwana wako kwa Mungu ndio sikuvui, maana sikukuvika mimi."

Nililia pale, Dada, mtu mzima na kipara changu. Sikulia kwa kusamehewa tu. Nililia kwa sababu nilikuwa nimechoka. Miaka yote hii nilikuwa najibebesha wema kama gunia, nikitaka watu waone lilivyo zito, wala sikujua kwamba neema ni kitu cha kupokea na mikono mitupu.

Jumapili iliyofuata niliomba kusimama. Mchungaji alinionya kwamba si lazima. Nikaona nilipopigiwa makofi ya uongo ndipo pa kusemea ukweli. Niliwaambia kuhusu kitasa na dirisha, nikawaambia pia nilivyomsema jirani yangu kwenye somo. Mama mmoja wa kwaya alifumba macho kama mtu anayeona ajali. Nilipotoka nje sikupewa mkono na mtu, nikashukuru, maana nilikuwa na haraka ya kurudi.

Nilikwenda kwa Kelele nikamwomba radhi, na kioo kipya nilikuwa nimeshakitia. Hakunirahisishia. Alisema, "Mimi sikuvunja dirisha kwa ajili yako," akaendelea kushona. Nikabaki nimesimama mlangoni kama mgeni. Nilipogeuka kuondoka akasema, "Jumapili mlete mama yako hapa. Anajua kukunja nguo vizuri kuliko wewe." Tangu hapo Mama hukaa kwa Kelele mimi nikiwa kanisani, anakunja sare za watu, na nikirudi nawakuta wanagombana kuhusu mikunjo.

Wateja walipungua wiki mbili tatu, sikulalamika. Halafu Alhamisi moja alikuja dereva wa lori, baba wa makamo, ambaye hata kusali sijui husali wapi. Nilimfunga kitambaa shingoni, nikaanza. Katikati ya kunyoa akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, nimesikia ulichosema kanisani. Mimi baba yangu namfunga mguu kwa kamba, nikiwa safari." Nilizima mashine. Akawa analia chini ya kitambaa, na mimi nimemshika bega, na nusu ya kichwa haijanyolewa. Sikuwa na la kumfundisha. Nilimwambia tu, "Hata mimi." Sasa kila Jumatano namfuata baba yake kwa miguu, namnyoa ndevu, na saa za mchana anakaa dukani na Mama. Hawaelewani neno, lakini wanazungumza bila kupumzika.

Kile kitasa nimekitoa. Mlangoni nimefunga kengele ndogo, Mama akitoka naisikia. Na akitaka kumtafuta Baba nafunga duka tunakwenda wote, tunamtafuta mpaka achoke. Usidhani nimekuwa mtu mwingine. Juzi nilimfokea kwa sababu ya kijiko. Lakini nilirudi dakika ileile, sikungoja Jumapili.

Ulisema unaogopa kurudi, usije ukakuta hakujui. Njoo hivyo hivyo, Dada. Mimi peke yangu sitoshi, na kukwambia kwamba natosha ndiko kulikonifikisha hapa. Hata ukija na hasira, njoo. Ninazistahili, nitazipokea mlangoni pamoja na mizigo.

Msalimie Shemeji, umwambie nywele zake nitazishughulikia nikimpata. Wasalimie wapwa wangu wote watatu, hasa kitinda mimba wako anayekataa kunyolewa. Mama Mdogo na binamu yetu mwalimu wanakusalimu. Kelele pia anakusalimu, ameniuliza kama huko kwenu kuna sindano nzuri za cherehani. Mungu aliyetupenda tukiwa hivi tulivyo akushike mkono huko uliko, asiuachie hadi atakapotufanya tulivyopaswa kuwa.

Jana jioni, jua halijazama, nilikuwa namwogesha Mama. Nilimpa sabuni aishike apendavyo, nikapiga magoti kando ya beseni nikamwambia, "Mama, nilikukosea. Nilikupiga, nikakufungia. Nisamehe." Akanipangusa povu kwenye kipara, akafikiri kidogo, akasema, "Nimekusamehe, baba. Lakini wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia, "Wako."

Akasema, "Basi vizuri."

Ni mimi mdogo wako, mwenye aibu na mwenye tumaini,
Kinyozi.